SG-1000: kosa la Sega halikuwa la mwaka 1983

Tarehe 15 Julai 1983 mashine mbili za gemu ziliingia sokoni Japani siku moja: Famicom ya Nintendo kwa yen 14,800, na SG-1000 ya Sega kwa yen 15,000. Tangu hapo SG-1000 husimuliwa kama mashine iliyozaliwa ikiwa imeshashindwa. Inaonewa.

Wanaoiponda wana hoja. Chipu yake ya picha, TMS9918A ya Texas Instruments, haikuweza kusogeza mandhari yenyewe. Mtunzi wa gemu akitaka barabara ipite chini ya gari, ilimbidi aichore upya picha kigae kwa kigae, yaani kipande kidogo kwa kipande kidogo, na kwa kawaida mandhari iliruka nukta 8 kwa mkupuo. Kila umbo linalotembea lilikuwa na rangi moja tu, na yakikutana matano kwenye mstari mmoja wa skrini, la tano hutoweka. Famicom iliruhusu manane, kila moja rangi tatu, na mandhari yake iliteleza bila kukwaruza.

Lakini Nintendo ilifikaje huko? Iliiahidi kampuni ya chipu ya Ricoh oda ya chipu milioni 3 ili itengenezewe zake maalumu. Sega ilichukua vilivyokuwapo sokoni: prosesa ya aina ya Z80, chipu ya sauti SN76489, na hiyo TMS. Vipuri vya namna hiyohiyo vilikuwa vimeshaiendesha mashine ya gemu ya ColecoVision kule Marekani mwaka 1982. Kwa kampuni iliyozoea mashine za kumbi za michezo na isiyojua bado kama nyumbani kuna wateja, huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Na wateja walikuwapo. Sega ilitarajia kuuza mashine 50,000. Mwaka huo wa kwanza ziliuzwa takriban 160,000. Zaidi ya mara tatu! Takwimu hii haipewi uzito wake, kwa sababu kila mtu hukimbilia kuilinganisha na mamilioni ya Famicom yaliyokuja baadaye. Mwanzoni Famicom yenyewe ilirudishwa kiwandani kwa hitilafu ya chipu.

Kwangu mimi lawama ianzie Julai 1984. Udhaifu wa picha ulishajulikana, fedha zilishaingia, na bado toleo la pili, SG-1000 II, likaja na umbo jipya na pedi za kuchezea za kuchomoa, huku ndani likibaki na uwezo uleule. Chipu ya picha inayosogeza mandhari ilisubiri Mark III, mashine ya Sega iliyofuata, Oktoba 1985, mwezi mmoja baada ya Super Mario Bros. kutoka kwenye Famicom.