Dakika 4 na nusu, rekodi ya dunia

Haya, kwa kuwa kuna mtu (anajijua, na hela yangu ya vocha hajarudisha) ameshatuma voisi kwenye magrupu matatu eti nimelipua maabara, ngoja niseme mwenyewe. Sijalipua kitu. Bora ningelipua.

Kazi yenyewe mnaijua, kutengeneza biodizeli (dizeli ya mafuta ya kupikia): mafuta ya chipsi yaliyokaangiwa mpaka yakachoka, unayapasha hadi nyuzi 55, unatia methanoli (aina ya alkoholi) uliyoyeyushia kostiki (soda kali, ndiyo inayochochea mafuta na methanoli vigeuke biodizeli), unakoroga saa nzima, unamimina kwenye ile faneli ya koki halafu unakaa na simu kuangalia gliseroli (kile kimiminika kizito kinachojitenga na biodizeli) inachukua muda gani kushuka. Wenzangu wanaandika masaa, mmoja kaiacha mpaka kesho yake. Mimi? Dakika 4 na nusu! Mstari umenyooka kama shati la Idi. Nikapiga picha nikarusha grupu la darasa, "wengine tumejaliwa mkono". Jamani.

Dokta, mwalimu wetu, akaja. Akainama. Miwani akavua, akafuta, akavaa tena. Akaniuliza kwa upole, na ule upole ningeshtuka mapema, "Mwanangu, gliseroli huwa inakaa wapi?" Chini, Dokta. "Nyingi au kidogo?" Kidogo, Dokta. Tukaiangalia wote. Chini kumejaa rangi ya kahawia karibu faneli yote, juu kijisehemu cheupe kama maji. Masikio yakaanza kupata moto. Akageuka, taratibu, akaenda mpaka kwenye mizani, akarudi na kikombe kakishika kwa vidole viwili. "Na hii?"

Kostiki yangu. Gramu 5 zote, nilipima vizuri tu, halafu huyo huyo wa voisi akaniita nje tukale mihogo. Imekaa pale imevuta unyevu, vipunje vimelowa vinang'aa, tunatoka jasho mimi na yenyewe.

Yaani nimekoroga mafuta na methanoli tupu saa nzima, vitu visivyopatana, nilipozima tu kila mmoja akashika njia yake, methanoli juu mafuta chini. Ile rekodi ilikuwa talaka. (Mnaojua mtauliza, kostiki ikiyeyuka hutoa joto, chupa haikupata joto ulipoyeyusha? Haikupata. Nikasingizia feni.)

Jioni nikarudia, na kostiki safari hii, nikapata masaa yangu kama binadamu wengine. Picha nimefuta ila watu 7 walishaisevu, na leo muuza chipsi kaniuliza eti mafuta yake yana spidi gani.