Breki ya Mkono Kivukoni Likoni

Shemeji yangu anakanusha mpaka leo, lakini mimi nashikilia kwamba gari lake lilirudi nyuma kuelekea baharini, angalau ndani ya kichwa changu, na siku hiyo sikuwa na kichwa kingine cha kutumia.

Tulikuwa ndani ya feri tukivuka kwenda harusini Likoni: yeye ameshika usukani, mimi nimeketi kando yake na kanzu nyeupe iliyotoka kupigwa pasi, na nyuma yangu Mama mkwe amepakata sufuria ya rojo la biriani kana kwamba ni mjukuu wake wa kwanza. Feri ilikuwa imekwisha kutia gati na kushusha mlango. Upande wangu lilisimama lori ambalo turubai lake liliziba dirisha zima. Lori hilo likaanza kusogea mbele taratibu, nami nikahisi waziwazi kuwa ni sisi tunaoteleza nyuma kuingia mkondo wa Kilindini.

Mwanafizikia wa Austria, Ernst Mach, aliandika kuhusu hisia za namna hii mwaka 1875. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji, pamoja na vijiwe vidogo vya chokaa, navyo hupeleka habari mwendo unapobadilika. Lakini mabadiliko yakiwa madogo mno, havisemi kitu, na ubongo hubaki na ushahidi wa macho peke yake. Basi kitu kikubwa kinapopita na kujaza upeo wa jicho, ubongo, uliozoea dunia isiyohama, huamua kwamba mwenye mwili ndiye anayekwenda. Haukunishauri.

Nilipiga shahada, nikaivuta breki kwa mikono miwili. Papo hapo mfanyakazi wa feri alikuwa amempungia Shemeji aondoke, naye amekwisha kukanyaga mafuta. Gari liliruka, likakwama, likazimika, na rojo likaendelea na safari bila sufuria hadi kwenye kofia yangu, likashuka shingoni, likatua mgongoni pamoja na vitunguu vya kukaanga. Honi za waliokuwa nyuma yetu zilisikika ng'ambo zote mbili.

"Baba," Mama aliniuliza kwa upole uliotisha kuliko honi, "ulikuwa unatuokoa na nini?"

Nikaanza kumweleza habari za Mach. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua kama Mzungu huyo anaweza kupika rojo jingine kabla ya adhuhuri.