Kengele ya Freretown na Aya Tusiyoisoma

Makanga wa matatu za Kisauni hulitaja jina la Kengeleni mara mia kwa siku, na sidhani kuna anayeinua macho kuitazama kengele yenyewe. Ni ya Freretown, kijiji ambacho wamishonari wa Church Missionary Society walikianzisha mnamo 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwapokea watumwa walionasuliwa baharini na meli za doria za Waingereza. Iligongwa kuwatahadharisha wanakijiji wateka watumwa walipokaribia. Kanisa la Anglikana hapa Mombasa lilikulia mikononi mwa watu wasio na kwao, wasio na ukoo wa kuwatetea.

Naitaja kwa sababu ya mjadala uliozuka kwenye kamati ya kanisa letu. Mpiga kinanda wetu ni kijana kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Karatasi zake za ukimbizi zinasema makazi yake ni kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, naye yuko Kisauni, analala chumba kimoja na mafundi cherehani wawili, na akisikia kuna msako hapiti barabara kuu jioni. Swali lilikuwa hili: kanisa limwandikie barua ya kumtambulisha na kumlipa posho, au limshauri arudi kambini?

Upande wa kumpokea hauhitaji maelezo marefu. Mathayo 25, nalikuwa mgeni mkanikaribisha. Walawi 19:34, mgeni awe kama mzalia, kwa sababu nanyi mlikuwa wageni Misri. Yesu mwenyewe alikimbiziwa Misri akiwa mtoto, Herode akimwinda. Mama mmoja wa kwaya aliyasema hayo kwa dakika mbili, akaketi.

Upande wa pili ndio uliochukua saa nzima, na ninakiri haukuwa wa watu wenye roho mbaya. Mzee mmoja aliyestaafu bandarini alianza na Warumi 13, kila mtu aitii mamlaka. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na akitaka kutoka aombe ruhusa. Serikali haikumfukuza kijana, ilimpa pahali. Halafu akakumbusha Machi 2014, watu wenye bunduki walipovamia kanisa Likoni ibada ikiendelea na kuua waumini. Siku chache baadaye serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini waende Dadaab na Kakuma. "Jamani, tusijitafutie mashaka," alisema. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Alikuwa hata na hoja ya Torati: Walawi 24:22 inasema sheria ni moja kwa mgeni na mzalia, kwa hiyo mgeni anapata haki sawa na kubeba wajibu sawa.

Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo. Kiebrania kinamtofautisha *ger*, mgeni aliyehamia na kukaa kati ya watu, na *nokri*, mtu wa taifa jingine asiyefungamana nao, ambaye Kumbukumbu la Torati 23:20 inaruhusu atozwe riba. Sisi tunawaita wote wawili mgeni. Wapo wanaodai kwamba amri za upendo zinamhusu *ger* tu, ambaye wao humfananisha na mwenye vibali. Ni hoja ya kweli kwa kiasi fulani. Lakini Ruthu, akiwa ameinama shambani kwa Boazi akiokota masazo, anajiita kwa lile neno la pili (Ruthu 2:10), na Boazi hamwombi karatasi.

Aya ambayo hakuna aliyeisoma iko mistari michache tu juu ya ile ya riba. Kumbukumbu 23:15-16: mtumwa aliyemtoroka bwana wake usimrudishe, na akae nawe, pahali atakapochagua mwenyewe, usimwonee. Atakapochagua mwenyewe! Ukiisoma aya hiyo huku ukifikiria Kakuma, inakwaruza.

Nayo imewahi kupimwa hapa hapa. Mkataba wa 1873 ulimfanya Sultani Barghash wa Zanzibar apige marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini kummiliki mtumwa nchi kavu kulibaki halali. Watoro wakaanza kukimbilia misheni ya Rabai, karibu na Mombasa. Wamishonari walikuwa wamekatazwa kuwapokea, na wenye watumwa walikuwa na sheria upande wao. Hoja za mzee wetu zote, mamlaka, usalama wa misheni, amani na majirani, zilishatolewa wakati huo. Aliyesimamia Rabai, William Jones, alikuwa mwenyewe mtumwa aliyekombolewa na kulelewa India. Watoro wakakaa. Mwishowe George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa akawalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapata hati za uhuru. Mackenzie hakuwa mtakatifu, alitaka biashara ya kampuni itulie. Inauma pia kwamba pesa zilikwenda kwa mabwana, si kwa waliofanyishwa kazi bure. Lakini mtu alilipa.

Mzee alimtaja Onesimo, mtumwa ambaye Paulo alimrudisha kwa bwana wake Filemoni. Ni kweli. Ila katika mstari wa 18 na 19 wa waraka kwa Filemoni Paulo anaandika kwa mkono wake kwamba deni lote liwekwe juu yake, atalipa. Kwa hiyo anayemrudisha kijana Kakuma kwa jina la Paulo atoe nauli, na mtu wa kumsindikiza hadi ofisini kuomba ile ruhusa. Na sisi tunaotaka abaki tusijione wasafi. Neno la mwisho la ile aya ya Kumbukumbu la Torati ni usimwonee, na huko Freretown kwenyewe wasimamizi waliwahi kulaumiwa kwa kuwachapa viboko watu waliowapa hifadhi. Kijana wetu amepiga kinanda miaka miwili bila senti.

Mimi naegemea barua na posho, na ombi la ruhusa lipelekwe kihalali, kanisa likigharamia. Pengine ni kwa sababu nakumbuka Agosti 1997, wabara, yaani watu waliotoka bara, walipofukuzwa Likoni na kujazana na magodoro yao katika ua wa kanisa Katoliki. Nusu ya kamati yetu ni wabara. Mwaka ule hakuna aliyewauliza eneo lao lililotengwa ni lipi.

Kikao kiliahirishwa saa mbili usiku. Katika kumbukumbu, katibu aliliandika suala la kijana chini ya "Mengineyo", baada ya bomba la choo.