Kampuni za Anga za Juu: Nani Anaumia Ahadi Ikivunjwa?

Mwaka 2017, jijini Adelaide, Elon Musk alitangaza kwamba vyombo vya mizigo vya SpaceX, kampuni yake ya roketi, vingetua kwenye sayari ya Mirihi mwaka 2022 na watu wafuate 2024. Miaka hiyo imepita, hakuna kilichotua. Ukilizusha suala hili kwenye duka la simu pale Kondele, Kisumu, wako watakaosema huyo ni mwongo wa kawaida mwenye pesa nyingi, na wako watakaokuuliza ni nani mwingine amefanya nusu ya aliyoyafanya.

Hawa wa pili wana ushahidi. Roketi ya kwanza ya SpaceX ilianguka mara tatu kabla ya kufaulu mwaka 2008. Desemba 2015 kampuni hiyo ilirusha roketi ya Falcon 9, kisha sehemu yake ya chini ikarudi na kutua wima ardhini, jambo ambalo wengi waliliona ndoto. Aprili 2023 roketi ya aina hiyo ndiyo iliyobeba Taifa-1, setilaiti yetu Wakenya. Miezi mitatu baadaye Starlink, huduma ya SpaceX ya mtandao wa setilaiti, ikafungua biashara nchini. Leo ukienda Mbita utaona sahani nyeupe juu ya mabati ya saiba, na ndani yake watu wamepanga foleni wakisubiri kuchapishiwa stakabadhi za eCitizen. Mvua kubwa ikipiga kutoka ziwani mtandao husuasua, lakini hurudi.

Wanaolaumu nao hawasemi ovyo. Virgin Galactic, kampuni ya kupeleka watalii anga za juu, ilianzishwa 2004 na ikauza tiketi za dola 200,000. Waliolipa mapema walisubiri hadi 2023 ndipo safari za kibiashara zikaanza, baada ya ajali ya majaribio ya 2014 iliyomuua rubani mmoja. Mars One ya Uholanzi, iliyokusanya ada kutoka kwa watu waliotaka kuhamia Mirihi, ilifilisika 2019 bila kurusha chochote.

Mimi naona tofauti kubwa haiko kwenye akili za wahandisi. Iko kwenye namna pesa inavyotoka. Fundi ukimlipa zote kabla hajagusa tofali, unajua yatakayofuata. Mwaka 2006 NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, ilichagua kampuni mbili, SpaceX na Rocketplane Kistler, zitengeneze vyombo vya kupeleka mizigo kwenye kituo cha anga, na ikakubaliana nazo kulipa hatua kwa hatua, kazi ikionekana. Kistler ilishindwa kupata wawekezaji, mkataba ukavunjwa 2007. Kati ya dola milioni 207 zilizotengwa, NASA ilikuwa imetoa kama milioni 32 tu. SpaceX iliendelea mpaka ikafika.

Boeing, kampuni ya ndege ya Marekani, inatoa funzo gumu zaidi. Mwaka 2014 NASA iliipa mkataba wa dola bilioni 4.2 wa kubeba wanaanga, SpaceX ikapewa bilioni 2.6. SpaceX ilibeba watu 2020. Chombo cha Boeing, Starliner, kilibeba wawili Juni 2024 kwa safari ya siku chache, kikapata hitilafu kikarudi kitupu, nao wakarudishwa na SpaceX Machi 2025. Hata hivyo, kwa kuwa bei ilikuwa imefungwa, hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.5 ilibaki mifukoni mwa Boeing yenyewe, haikumwangukia mlipa kodi.

Mirihi haina mteja wa namna hiyo, kwa hiyo tarehe zake husogezwa bila mtu kutozwa faini. Sioni sababu ya kuamini tarehe inayofuata, ingawa naamini kabisa roketi zenyewe.

Jambo hili linatuhusu. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Kumbe hata huduma inayofanya kazi ina mwisho wake. Kaunti zetu, Kisumu, Homa Bay na Siaya, zikitaka kuunganisha shule na zahanati za visiwani kwa setilaiti, zisilipie idadi ya sahani zilizofungwa. Zilipie kila mwezi ambao zahanati ya Mfangano ilikuwa na mtandao, na zikate pesa kwa siku ambazo haukuwepo.