Kiinua mgongo: vyumba vya Iyunga au hisa za benki?

Mtumishi wa Mbeya akikaribia kustaafu, jamaa humuuliza kama amejenga. Kama ana hisa, hakuna anayejali. Na wana sababu: vyumba vya kupanga vinaonekana kwa macho. Kule Iyunga na Ikuti, jirani na MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, mwanafunzi mmoja akihama mwingine anaingia, na kodi hulipwa kwa miezi sita au mwaka mzima. Bei ya maisha ikipanda, mwenye nyumba naye hupandisha.

Upande wa pili husemwa kidogo. Bati likivuja masika, anayepigiwa simu ni mzee mwenyewe, na dalali naye anataka chake. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, si tatizo. Shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida haimnyimi mtu usingizi. Kinachoumiza ni ujenzi. Kikokotoo cha Julai 2022, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya kustaafu, kiliwashusha waliokuwa wakipata mkupuo wa asilimia 50 ya mafao yao hadi 33, na nyongeza ya mwaka 2024 iliwafikisha 40 tu. Anayesubiri fedha hizo ndipo achimbe msingi anaweza kukwama kwenye linta.

Hisa nazo zina machungu yake. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa shilingi 150 mwaka 2009. Miaka kumi baadaye bei ilikuwa chini ya hapo. Aliyestaafu wakati huo akalazimika kuuza, alikula hasara. Aliyevumilia alipata gawio, yaani mgao wa faida, la shilingi 50 kwa hisa kwa mwaka 2023, yaani theluthi ya bei aliyonunulia, kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwenye gawio. Sijui chumba cha Mbeya kinachorudisha hivyo kwa mwaka. Ila nimechagua mfano uliofanikiwa, na gawio halina mkataba: benki ikiyumba, hulipwi.

Kwa maoni yangu, mwenye miaka 40 ajenge taratibu sasa, chumba baada ya chumba, huku akinunua hisa kidogo kidogo. Mwenye 60 asianze ujenzi. Akipewa rufaa ya matibabu, anaweza kuuza hisa 2,000 akabakiza nyingine. Chumba kimoja kati ya sita hakiuziki. Achague tu kampuni kubwa, maana hisa za kampuni ndogo huweza kukaa sokoni muda mrefu bila mnunuzi.