Unaenda Wapi? Moshi, London na Matembezi ya Bure

Kwa miaka tisa niliyoishi London hakuna jirani aliyewahi kuniuliza swali ninaloulizwa na kila mtu nikirudi nyumbani Rau, pembezoni mwa mji wa Moshi: "Unaenda wapi?" Kwetu mtu anayetembea sharti awe na mahali anakofika, iwe dukani, shambani, msibani au kanisani, na ukijibu kwamba umetoka kuangalia miti tu, watu watakuhurumia. Mama mkubwa aliwahi kuniketisha jikoni akaniambia kwa upole kwamba kama kuna jambo linanisumbua huko Ulaya, niseme, familia itasaidia. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo, na ninaamini kwamba tofauti kubwa kati ya miji hii miwili, kwa mtu anayetafuta maumbile bila kutoa fedha, haiko katika wingi wa kijani, maana hapo Moshi inashinda bila mashindano. Iko katika ruhusa ya kutembea bila shughuli.

Ruhusa hiyo niliipata London kwa lazima. Mwezi Desemba jua la kule huchomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na mwaka wa kwanza, nikiwa na chumba kimoja na mshahara ulioishia kwenye kodi, nilikuwa naondoka gizani na kurudi gizani. Mwenzangu mmoja kazini alinishauri niende Richmond Park kila Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe. Ni eneo la hekta 955, lina kulungu zaidi ya 600 wanaozurura huru na mialoni yenye umri wa mamia ya miaka, na anayeingia kwa miguu halipi kitu. Nilidhani ule ni ukarimu wa serikali, mpaka niliposoma historia yake. Mfalme Charles wa Kwanza alilizungushia ukuta mwaka 1637 ili awinde, na karne iliyofuata Binti Mfalme Amelia aliwafungia watu malango, akabakiza wachache wenye vibali. Mtengeneza bia wa pale Richmond, John Lewis, alikwenda mahakamani, na mwaka 1758 akashinda: waenda kwa miguu wakawekewa ngazi za kuvukia ukuta. Kwa hiyo ubure ninaoufaidi kila Jumapili una hukumu nyuma yake.

Sasa tuje nyumbani. Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, huonekana vizuri alfajiri, kisha jua likishapasha moto miteremko, hewa yenye unyevu hupanda na kugeuka mawingu yanayoufunika mlima mpaka jioni. Anayetaka kuuona hahitaji tiketi, anahitaji kuamka mapema. Mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlimani huzama ardhini na sehemu yake hutokea tena huku chini, kwenye chemchemi kama za Njoro, na ndiyo maana Msitu wa Rau umesimama na miti mirefu mahali ambapo mvua peke yake isingetosha. Ukipita kando ya msitu huo asubuhi, upande wa mashamba ya mpunga, utawasikia hondohondo kabla ya kuwaona, kwa kuwa mabawa yao hupiga hewa kwa kishindo, na ukiwa na subira mbega watajitokeza. Mwezi Oktoba mijakaranda huzimwagia barabara za mjini maua ya zambarau, wala hakuna anayetoza. (Ukiegesha gari chini yake, hiyo ni habari nyingine.)

Ukipanda kidogo kuelekea Uru au Kibosho, njia hupita katikati ya vihamba, migomba juu, kahawa chini yake, na mfongo ukitiririka pembeni, ule uliochimbwa na wazee kuleta maji ya mlimani. Hayo yote ni mashamba ya watu, lakini hujafika popote ukakuta lango. Kiingilio ni salamu: shikamoo kwa kila mzee, habari za nyumbani, habari za shamba, na mwendo wa nusu saa unakula saa nzima. London nilitembea miezi kadhaa bila kusalimiwa na mtu, na ninakiri kwamba mwanzoni nililiona hilo kuwa pumziko.

Hata hivyo, tumejizoesha kuamini kwamba maumbile ni mali ya wageni. Ukitaja mandhari Moshi, watu hufikiria maporomoko ya Materuni au lango la hifadhi, yaani nauli, kiingilio na mtu wa kukuongoza. Wenzangu wanaorudi Desemba husafiri siku nzima kuufuata mlima, kisha huupa mgongo wakiwa wamekaa baa.

Ninachohofia zaidi ni kwamba ubure wetu hauna hukumu wala karatasi, unategemea mazoea. Kijia nilichokitumia utotoni kufuata mfongo sasa kinaishia kwenye ukuta wa matofali, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu waliokuwa wakikipita walikuwa na shughuli zao na wakapata njia nyingine. Aliyekuwa akikipita kwa ajili ya kukipita tu angekuwa mtu wa kwanza kuuliza.

Likizo iliyopita mama mkubwa alikubali kufuatana nami, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kibo kikiwa wazi. Alivaa kanga mpya na kubeba kikapu kitupu, ili tukiulizwa tuwe na jibu. Tulizunguka mpaka mpungani, tukasimama chini ya mkuyu kwa muda mrefu akinitajia nani alipanda nini, tukaulizwa mara nne, na mara zote nne alikinyanyua kikapu. Tulirudi nacho kikiwa kitupu vilevile. Kesho yake nilimkuta uani, amevaa viatu, ananisubiri.