Kosi za ufundi za serikali Mombasa: zamsaidia nani hasa?

Hili jambo la kosi za ufundi za serikali huleta mabishano makali sana Mombasa, na kwa kweli pande zote mbili zina haki yao. Kuna wasemao serikali iongeze vyuo na kosi vijana wapate ujuzi, na kuna wasemao tumefunza washonaji na mafundi umeme miaka nenda rudi na mabarobaro bado wako maskani, shida si ujuzi, shida kazi hakuna. Mimi naona pesa nyingi zaenda kwa asiyekuwa na kazi kabisa na twamsahau yule ambaye kazi yake yabadilika mikononi mwake akiona.

Angalia bandari, manake mji huu walishwa na bandari. Meli ya magunia ilitaka makuli wengi na siku nyingi, ikaja kontena, kreni yashusha na watu wachache tu. 2013 refaineri ya Changamwe ikaacha kusafisha mafuta. 2014 ukaja mfumo wa KenTrade, shirika la serikali, wa kufanya makaratasi ya mizigo kwa kompyuta, na vijana wa kliaringi (kazi ya kutoa mizigo bandarini) ambao riziki yao ilikuwa kukimbiza fomu ofisi hii mpaka ile wakaanza kukosa cha kukimbiza. 2017 SGR, ile reli mpya ya Mombasa kwenda Nairobi, ikaanza, 2019 likatoka agizo mizigo ya kwenda Nairobi na bara ipande treni ikafanyiwe kliaringi huko, madereva wa trela na mataniboi (wasaidizi wao) wakakaa chini, mpaka wauza chakula wa njiani kule Mariakani wakaumia, watu wakaandamana kila Jumatatu, 2020 Korti Kuu ikasema agizo lile si halali na 2022 serikali mpya ikarudisha kliaringi Mombasa. Muda huo wote tulibishana mizigo ipite wapi (na ilikuwa haki yetu kubishana), lakini swala la kumfunza taniboi wa miaka 35 kazi nyingine mimi sikuliskia likizungumzwa kwa uzito.

Sasa wanaotetea mafunzo ya umma wana hoja moja nzito ambayo watu huipita haraka. Mwajiri aogopa kufunza, manake akishamfunza kijana akaiva, kampuni ya jirani yamuongeza elfu mbili na kumchukua. Kila mmoja angoja mwenzake afunze, mwisho hakuna anayefunza. Ndo maana sheria ikaweka levi (ada ya lazima) ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, mwajiri alipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na akifunza watu wake kwa mpango ulioidhinishwa aweza kudai sehemu ya gharama arudishiwe. Na historia iko upande wao pia: MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu Mombasa iliyoanza kusomesha 1951, ikawa Mombasa Polytechnic 1972 na leo ni TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, wazee wangapi walioshika mitambo ya mji huu wamepitia pale. Ungeachia soko peke yake hawangefunzwa.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Mwanauchumi wa Benki ya Dunia, David McKenzie, mwaka 2017 alikusanya tafiti za nchi zinazoendelea akakuta kati ya watu 100 waliopewa mafunzo ya ufundi ni kama 2 hivi, hawafiki 3, waliopata kazi ambayo wasingeipata bila hayo mafunzo. Hiyo namba yauma. Na ukitembea Kisauni ama Likoni waiona sababu yake, mtaa mmoja saluni zimepangana, fundi cherehani kando ya fundi cherehani, ukiwafunza kumi zaidi hujaongeza mteja hata mmoja, umewagawanya wale wale waliopo.

Lakini hapo hapo Uganda kuna utafiti mwingine, ulitoka 2020, uliolinganisha vijana waliofunzwa chuoni na waliofunzwa ndani ya karakana za watu. Wa karakana walipata kazi haraka. Wa chuoni walichelewa kidogo ila baadaye wakawapita, manake wakipoteza kazi wana karatasi ya kumuonyesha mwajiri mwingine, na yule wa karakana ujuzi wake waujua bosi wake tu. Kwa hivyo satifiketi si upuzi kama watu wasemavyo.

Mahali ambapo mambo haya yote yakutana ni kwa mabaharia. Kijana asoma Bandari Maritime Academy, iliyokuwa Bandari College mpaka 2018, apata nadharia vizuri. Lakini mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia (STCW) wa 1978 wataka kadeti wa unahodha akae melini muda usiopungua miezi 12 ndani ya mpango ulioidhinishwa ndo apewe cheti cha uofisa. Meli ni za kampuni za nje, na zaamua zenyewe zimchukue nani. Chuo kikiongeza madarasa mara mbili na nafasi za melini zikabaki zile zile, wazazi wameuza shamba na kijana yuko nyumbani na nusu ya cheti. Pesa za umma hapo zilitakiwa kwenda kununua nafasi melini, madarasa yangoje.

Jambo jingine la haraka na la bei nafuu ni mtihani wa gredi wa NITA. Fundi wa injini wa Bombolulu mwenye miaka ishirini mkononi hahitaji kosi ya miezi mitatu, ahitaji kupimwa na kupewa gredi. Kaunti imlipie ada ya mtihani na siku anazokosa kibarua, basi.

Na Dongo Kundu je? Eneo maalum la kiuchumi lajengwa ng'ambo ya Likoni kwa msaada wa Japani, na viwanda bado kujaa. Sasa ndo wakati wa kuandika kwenye mikataba ya wawekezaji wanagenzi wangapi, miezi mingapi, kutoka wadi gani, na posho ya matatu na chakula ni ya nani. Mwekezaji akishatia saini bila hayo, itabidi kaunti imuombe kama fadhila.